Nilimwambia Afute, Sauti Iko Kwa Wingu

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa saba imetukalia Nairobi kama mgeni asiyejua kuaga. Tangu asubuhi manyunyu yanashuka bila kuamua kama ni mvua au ni utani. Pale Kenyatta Market, sokoni ninakosukia, hata moshi wa nyama choma ulikataa kupanda. Ulirudi chini ukatulalia kwa nywele.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nimekuja kuungama.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mimi ndiye Profesa, msusi. Nimesuka vichwa vya Nairobi hii yote, nikasuka mpaka Dubai, nikarudi na masanduku mawili na Kiarabu cha kutosha kuagiza chai na kukataa mchumba. Shule niliiachia kidato cha pili, au yenyewe iliniachia mimi, lakini ukinikuta nikieleza mambo ya kompyuta utadhani nina digrii mbili na ya tatu iko njiani.

Nilivyosomea ni hivi. Rasta nyembamba hazisukwi kwa dakika. Mwanamke akikaa kwa kiti changu amekaa, na mtu aliyekaa muda huo wote lazima aongee. Wale wa ofisi za Hurlingham huongea kazi zao. Nikisikia neno jipya nalidaka, nalala nalo, na kesho yake namfundisha mteja mwingine kama vile nililizaa mimi.

Virusi? Ni chawa wa kompyuta: mtoto mmoja akija nao, darasa zima linajikuna. Paswedi ni ufunguo wa choo cha soko: mpe mtu mmoja, na ikifika Ijumaa soko lote linaingia. Memori ya kufanyia kazi ni meza, memori ya kuhifadhi ni kabati. Meza ikiwa ndogo utaangusha vikombe hata kabati liwe refu kama jengo la KICC. Blututhi ni umbea wa jirani, haupiti ukuta wa pili. Keshi ni makombo ambayo simu inabakisha mezani ili kesho isianze kupika upya.

Hizo zote nilikuwa nimezipatia. Nasema hivi ili unipe maksi zangu kabla sijafika kwa ile iliyoniangusha.

Wingu.

Wingu niliwafundisha kwamba ni stoo ya juu. Kitu chako kikishafika huko hakipotei tena, hata simu ikiibiwa, hata ukiitumbukiza chooni. Nilisema hivyo kwa sauti, na kitana mkononi, na wanawake wakaitikia kama kanisani.

Kando yangu husuka Akinyi, Mama Teddy. Tumesukia kibanda kimoja miaka mingi. Yeye ndiye aliyenipa hilo jina la Profesa, na kila asubuhi huniita akiwa bado nje, kabla hata hajavua koti: "Profesa! Dunia inasemaje leo?" Soko likalidaka jina hapo. Mama yake Akinyi alifariki mwaka jana, huko kwao Siaya. Aliacha shamba, kuku, na video moja kwa simu ya Akinyi.

Nataka nikuambie hiyo video, maana naijua kuliko ninavyojua sala ya jioni. Mama mzee amekaa nje ya nyumba, anabambua njugu. Hajui anarekodiwa. Anataja wajukuu wake mmoja mmoja, na kila mmoja anampa utani wake na baraka yake. Mwishoni anaona simu, anacheka, anaziba kamera kwa kiganja, na kinabaki kiganja tu na kicheko. Mimi Kijaluo sijui, lakini mahali pa kucheka napajua pote. Siku kazi ikikauka Akinyi huiweka, na kibanda kizima hucheka pamoja na mama wa watu.

Jumamosi hii Akinyi anaenda nyumbani kwa kumbukumbu ya mama. Ndugu zake wamemwomba kitu kimoja tu: aje na ile video, iwekwe mbele ya watu.

Sasa, wiki iliyopita simu yake ilianza kulia kwamba nafasi imejaa. Nikasema lete hapa. Nikamwonyesha picha zote zimeshapanda kwa wingu. Nikamwambia, "Hapa unabeba mzigo wa bure, Mama Teddy. Futa." Nikafuta mimi mwenyewe, mpaka lile Tupio, pipa la takataka za simu, nikalimwaga. Nikamrudishia simu nyepesi kama unyoya.

Aliniuliza, "Na ya mama?"

Nikamjibu, "Iko juu kwa wingu, pamoja na mwenyewe."

Tulicheka, shajara. Akinyi pia alicheka. Nilijiona mcheshi wa kimataifa.

Leo asubuhi kiti changu kilikaliwa na Doreen. Msichana mpole, anafanya kazi ya kompyuta kwa ofisi moja hapo Hurlingham, na kwa kawaida haongei sana, kwa hivyo mimi huongea kwa niaba yetu sote. Akinyi alikuwa ametoka kununua nywele za mteja. Kabla ya kutoka alikuwa ametuambia habari njema: Achieng, mtoto wa dada yake, yule msichana anayefanya kazi ya nyumba huko Kileleshwa, hatimaye amepata betri ya ile simu kuukuu aliyorithi kwa Akinyi. Leo anataka kuiunganisha na waifai ya bosi wake.

Mimi nilikuwa katikati ya kichwa cha Doreen na katikati ya mahubiri yangu ya wingu. Nikatoa mfano wa Akinyi, jinsi nilivyomwokoa. Doreen akainua macho kwa kioo.

"Auntie, ulizifuta kwa simu tu, ama ulizifuta kwa akaunti?"

Nilicheka kile kicheko changu cha Dubai. Kile cha kupitisha swali nisilolijua.

Hakucheka. Akashusha sauti ili wengine wasisikie, na huo ndio utu wake, Mungu ambariki. Akasema simu na wingu zikiwa zimeunganishwa hazitunziani vitu tu, zinaigana. Kusinki. Ukiongeza hapa, inaongezeka kule. Ukifuta hapa, inafutika kule.

"Lakini mimi nilifanya bekapu," nikasema.

"Hiyo si bekapu, auntie. Kusinki ni dada wawili wanaoambiana kila kitu. Bekapu ni yule dada aliyeenda ng'ambo na hapokei simu."

Niliweka kitana chini.

Simu ya Akinyi ilikuwa hapo hapo, inachaji kwa soketi yetu. Namba ya kuifungua tunaijua sote. Nikampa Doreen. Akatafuta. Nilisimama nyuma yake nimeshika rasta moja nusu, nikaangalia kidole chake kikienda juu, kikirudi chini, kikienda kwa Tupio.

"Hapa kumemwagwa. Nani alimwaga?"

Shajara, nilitaka kusema hata virusi. Nikasema, "Mimi."

Akaiweka simu mapajani. Kisha akauliza video ilirekodiwa kwa simu gani. Nikasema ile kuukuu, ile aliyompa Achieng na akaunti yake bado imo. Akauliza kama hiyo simu imeshapata intaneti tangu wiki iliyopita. Nikasema haikuwa hata na betri.

Tukaangaliana kwa kioo.

Kumbe ndiyo hiyo. Ndani ya hiyo simu huenda mama mzee bado anabambua njugu, kwa sababu simu ilikuwa imelala na haijasikia habari kwamba nilimfuta. Na leo, leo hii, Achieng anataka kuiamsha na kuipa waifai.

"Ikipata mtandao itafanya nini?" nikauliza.

"Inaweza kuuliza. Inaweza kufuta bila kuuliza. Sijui, auntie, na sitaki tujue."

Nikampigia Achieng kwa kale kasimu kake ka vibonye. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Nilishawahi kukwama uwanja wa ndege wa watu bila pasipoti na nikapiga stori na askari mpaka akanipa juisi. Leo ile sauti ya kurekodiwa ya kampuni ya simu iliposema "hapatikani" stori zote ziliniishia.

Nilivua aproni. Doreen naye akasimama, upande mmoja wa kichwa una rasta mpaka kiunoni, upande wa pili nywele zimesimama wima kama zimesikia habari. Nikamwambia akae, atamaliziwa na wasichana wengine wa kibanda. Akasema, "Ukifika huko utabonyeza nini?"

 Nikamfunga kichwa kwa leso yangu tukatafuta bodaboda.

Tulipita barabara ya Argwings Kodhek kwa manyunyu, yeye mbele na boda yake, mimi nyuma na yangu. Leso ilifunguka karibu kabisa na ofisi ya kina Doreen. Kazini alikuwa amesema anaenda kwa daktari wa meno, maskini. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Leo nilikuwa napanga kichwani maneno nitakayomwambia Akinyi, na kila nikifika "samahani" nilianza upya.

Geti la hizo apatimenti za Kileleshwa lilikuwa na askari mzee mwenye koti refu. Nikamwambia namtaka Achieng.

"Wa nyumba gani?"

Namba siijui. "Ile ya mtoto anayelia," nikasema.

"Mama, hapa watoto wote wanalia."

"Mweusi, mrefu, anacheka sana."

"Huyo wa ghorofa ya juu. Hacheki siku hizi, bosi wake yuko likizo, anashinda nyumbani."

Akapiga simu ya ukutani. Tukangoja. Nilihisi kila sekunde waifai ikishuka ngazi kumtafuta mama wa watu.

Achieng akatokea, mtoto mgongoni, ile simu kuukuu mkononi. Kioo chake kinawaka.

"Auntie Profesa! Umekuja kuniwekea waifai?"

"Usiguse kitu!"

Nilipiga kelele mpaka mtoto akalia, na askari akatoka kwa kibanda chake na rungu. Doreen akainyakua simu, akavuta kioo chini, akawasha alama ya kandege, ile hali ya kukata mawasiliano yote kama uko ndegeni. Ndipo akauliza, "Imeshapata mtandao?"

"Bado," Achieng akasema, macho yamemtoka. "Paswedi sijui. Naogopa kumuuliza madam."

Naogopa kumuuliza. Shajara, kuna mtu alisimama Kileleshwa na kumshukuru Mungu kwa woga wa msichana wa kazi, na mtu huyo ni mimi. Lakini hata nikishukuru niliona aibu. Yeye haulizi kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Mimi huwa siulizi kwa sababu gani? Nani angenifukuza?

Doreen akafungua picha. Hapo palikuwa na kipicha kidogo, mama mzee na sinia yake ya njugu. Niliruka. Doreen akanishika mkono.

"Auntie, pole pole. Hicho kinaweza kuwa makombo."

Keshi. Neno langu mwenyewe. Alinieleza kwamba simu hubakisha kipicha kidogo cha nje hata kama video yenyewe haimo. Kivuli kipo, mtu ameondoka. Hakuna kujua mpaka ubonyeze.

"Bonyeza basi tujue," akasema.

Kidole changu kilienda kikarudi. Vidole hivi vilishabonyeza vya kutosha kwa hii familia. Ikabidi nimweleze Achieng kila kitu, pale pale getini, askari naye akisikiliza kama taarifa ya habari. Achieng ametajwa kwa hiyo video. Bibi yake anamtania kwa ajili ya kukimbia kuku.

Aliangalia hicho kipicha kwa muda. Akafuta machozi ya mtoto, si yake, akasema, "Abonyeze Auntie Akinyi." Akanipa simu, bila hata kuuliza ataipata lini. Nimemwahidi yangu. Doreen ataitoa akaunti yangu kwanza.

Tuliporudi Akinyi alikuwa ameshaketi anasuka, mikono ina mafuta, mdomo umeshika uzi.

"Profesa, umetoroka na kichwa cha mtu?"

"Mama Teddy, wacha kusuka kidogo."

"Siachi, huyu dada ana harusi."

"Akinyi."

Akaacha. Huwa simwiti hivyo.

Nilimwambia. Nilijaribu kuanza kwa mzaha, nikauacha nusu, nikasema wazi: ya mama nilifuta, nikafuta kila mahali, kwa wingu hakuna kitu, labda imo humu, labda haimo. Mashine ya kukausha nywele ikazimwa na mtu. 

"Ulijua itafutika?" akauliza.

"Sikujua."

"Lakini ulisema unajua."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Akajipangusa mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, akachukua simu, akabonyeza. Kakaja kale kaduara ka kuzunguka. Kanazunguka, kanazunguka.  Mimi nilishika meza. Niliwaza Jumamosi, watu wamekaa chini ya hema huko Siaya, viti vimepangwa, na Akinyi anasimama mbele yao mikono mitupu kwa sababu ya mdomo wangu.

Kwanza ilikuja sauti ya maganda ya njugu. Kra, kra.

Kisha mama mzee.

Akinyi akageuka akatupa mgongo, akaisikiliza yote mpaka kile kiganja. Tulipofika mahali pa kucheka hakuna aliyecheka.

Doreen akatoa kompyuta yake mfukoni mwa begi, akaunganisha kwa waya, akaweka nakala hapo, akaweka nyingine kwa flashi na kumpa Akinyi mkononi. "Hizi hazijuani," akamwambia. "Ukifuta moja, nyingine haitasikia." Akinyi akaifunga hiyo flashi kwa pindo la leso, pale wanawake wa kwao huweka kitu wasichotaka kipotee, akaisukuma kifuani.

Halafu akarudi kwa kichwa cha bibi harusi. Bila kuniangalia akasema, "Wambui, mmalizie Doreen nywele zake."

Wambui.

Ni jina langu, la bibi yangu, nalipenda. Lakini kwa mdomo wa Akinyi sijalisikia tangu nirudi kutoka Dubai.

Nilimaliza kichwa cha Doreen kimya. Nikakataa malipo, akaniachia kwa nguvu. Mteja mmoja akauliza vile vialama viwili vya bluu chini ya ujumbe vinamaanisha nini, nikasema sijui. Nikaona wasichana wanaangaliana. Nilikuwa najua, lakini sikuliamini tena neno lolote linalotoka kinywani mwangu.

Sasa niko nyumbani, chai imepoa, na video imepatikana, kwa hivyo mtu mwenye akili angelala. Mimi siwezi. Nimekaa nikikumbuka vichwa. Yule mama wa mawigi, nilimwambia afute? Mke wa mchungaji aliyekuwa na picha za harusi zilizojaa simu? Yule mwalimu wa Kileleshwa aliyeniuliza kuhusu video za mtoto wake wa kwanza kutembea, nilimjibu nini? Najua nilijibu. Mimi hujibu. Huenda kuna nyumba kwa hii Nairobi ambako mtu amelala kwa amani akidhani vitu vyake viko kwa wingu kwa sababu Profesa alisema, na hatajua mpaka siku atakapovihitaji.

Naogopa atakayekuja kunigombeza. Yule ambaye hatajua wa kumgombeza namwogopa zaidi.

Kwa hivyo nitaanza na wa mawigi, kisha mke wa mchungaji, na huyo mwalimu nitamtafuta hata kama ni kwa geti la askari mwenye rungu. Kama kuna mtu anasoma hapa na nilishawahi kumwambia "futa, iko juu", usifute. Njoo kwanza. Tutamuuliza Doreen pamoja.

Asubuhi nitafika mapema, niwashe jiko la maji ya kuchovya rasta, nipange viti vyote viwili. Nitasikia viatu vyake kwa matope kabla sijamwona. Akinyi huita akiwa bado nje, kabla ya kuvua koti.

Kesho ataita jina gani?